MZIGO WA MAONYESHO NI AMANA YENYE TAREHE



Baadhi yenu mmetuomba tuandike juu ya njia iliyo salama ya kuleta bidhaa za maonyesho kutoka nyumbani mpaka huku Uingereza. Tunaelewa chanzo cha ombi hilo. Jamaa zetu wa Unguja, Pemba, Lamu na Tanga wana kazi za mikono ambazo zinastahili kuonekana na wanunuzi wa nje, nao hutugeukia sisi tulioko huku tuwakodie banda, tuwapokelee mzigo na tuwasimamie. Mwenye kuombwa huona fahari, hukubali mara moja, na kisha hugundua kwamba hajui hata pa kuanzia. Tunakubali kuandika, na tunaona ni haki tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana mengi tuyajuayo leo tulifunzwa na kosa hilo.

KOSA LETU LA MWAKA 2019

Mwaka 2019 kamati yetu ndogo ya watu watano ilikodi banda katika maonyesho ya kazi za mikono mjini Birmingham. Kikundi cha akina mama wa Pemba kilitukabidhi mikeka ya ukindu, makawa, vikapu, kofia za vito zilizoshonwa kwa mkono, na sanduku moja la njumu lililotengenezwa na fundi wa huko huko. Miongoni mwa mikeka ulikuwamo mmoja mkubwa, kazi ya bibi aliyepindukia miaka sabini. Alikata ukindu, akauchemsha na kuutia rangi, akasuka kili kwa muda wa miezi minane, kisha akazishona moja baada ya moja mpaka mkeka ukatimia. Hakuuza. Alitupa tukauonyeshe.

Maonyesho yalifunguliwa siku ya Ijumaa na kufungwa Jumapili jioni. Mzigo wetu uliachiwa na bandari siku ya Alhamisi iliyofuata. Kwa siku tatu tulikaa katika banda tupu, tukiwa na picha chache ukutani, birika la kahawa na sahani ya halua, tukiwaeleza wapita njia habari za vitu ambavyo wasingeweza kuviona.

Sababu zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa juu yetu. Kwanza, makasha yalitengenezwa kwa mbao za kawaida zisizokuwa na alama ya kutibiwa dhidi ya wadudu. Yalipofika yalizuiliwa, ikawa hapana budi vitu vitolewe na kupakiwa upya kwa gharama zetu, huku kodi ya ghala ikihesabiwa kila siku. Pili, tulihesabu siku za meli kuwa baharini tu, tukasahau siku za nchi kavu.

Tulikuwa tumekata bima, tukadhani tutafidiwa. Tuliposoma maandishi madogo tuliona kwamba bima ya shehena hailipi hasara inayotokana na kuchelewa. Kona moja ya lile sanduku la njumu nayo ilikuwa imevunjika, na hilo pia hatukulipwa, kwa kuwa ilithibitika kwamba upakiaji wetu ulikuwa dhaifu.

Lakini zito kuliko yote lilikuwa ile simu ya Pemba. Tulimwamkia bibi yetu, akaitikia, akatuuliza hali za watoto, kisha akasema, "Maalim, watu waliuona mkeka wangu?" Hatukuwa na jawabu.

KWA NINI MZIGO HUU SI KAMA MINGINE

Mtu anayesafirisha mchele, magari au nguo za dukani akicheleweshwa wiki moja, atapata hasara ndogo na bidhaa yake itauzika. Mzigo wa maonyesho haupo hivyo. Thamani yake yote imefungwa katika siku tatu au nne. Ukifika siku moja baada ya milango kufungwa, hata kama hakuna kilichovunjika, umepotea. Ndiyo maana tunasema kwamba mzigo wa aina hii ni amana yenye tarehe. Wenye mali wametukabidhi vitu, na wametukabidhi siku pia. Aliyeirudisha mali salama lakini akaipoteza siku, amana hakuitimiza.

Wazee wetu waliwahi kupeleka bidhaa katika masoko ya mbali wasikojulikana. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu ya Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan, ilitia nanga New York ikitokea Zanzibar. Ilikuwa imechukua tende, kahawa, mazulia, pembe za ndovu, karafuu na ngozi, pamoja na zawadi kwa Rais wa Marekani. Aliyekabidhiwa mzigo huo na heshima ya Sayyid alikuwa Ahmad bin Naaman, naye alisafiri na shehena yake, akasimamia mauzo yake, akanunua bidhaa za Kimarekani na kurejea nazo. Tunalotaka mlizingatie ni hili moja: mzigo ulikuwa na mtu. Tangu Unguja mpaka New York palikuwapo mmoja wa kuulizwa.

Kasha la leo hupita mikononi mwa fundi, dereva, wakala wa Zanzibar, wakala wa Dar es Salaam, kampuni ya meli, bandari ya kubadilishia meli, forodha, ghala na wachukuzi wa ukumbini. Kila mmoja anajua sehemu yake. Hapana anayejua safari nzima ila tukimteua wenyewe. Basi jambo la kwanza kabisa, kabla ya mbao na misumari, ni kumchagua mtu mmoja wa upande huu na mmoja wa upande wa nyumbani, majina yao yaandikwe katika kila hati, na wawe wanazungumza kila wiki.

KUHESABU KUTOKA MWISHO

Mwaka 2024 tulijaribu tena. Safari hii hatukuanza kuhesabu kutoka siku ya kupakia. Tulianza na siku ya ufunguzi, tukarudi nyuma wiki baada ya wiki.

Ukumbi wa maonyesho hauupokei mzigo wakati wowote. Wenye maonyesho hutoa kitabu cha masharti kinachotaja siku za kujenga mabanda na saa ambayo kila gari litaruhusiwa kuingia. Mzigo ukifika kabla ya hapo hurudishwa mlangoni. Kwa hiyo ni lazima pawepo ghala la kuuweka kwa muda, na mara nyingi wenye maonyesho huwa na kampuni maalumu ya kupokea na kuhifadhi mizigo ya washiriki. Tuliamua mzigo uwe ghalani wiki nne kabla ya ufunguzi. Tukatenga wiki mbili kwa ajili ya forodha na ukaguzi, yaani meli ifike wiki sita kabla. Safari ya bahari tuliipa wiki nane. Kontena nyingi zitokazo kwetu hazisafiri kwa meli moja mpaka Ulaya. Hushushwa katika bandari kubwa njiani, kama vile Salalah au Jebel Ali, na kungojea meli nyingine. Aidha, tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwezi wa Novemba 2023, kampuni nyingi za meli zilikuwa zimeiacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, jambo lililoongeza siku kumi na zaidi katika safari. Kwa hesabu hiyo meli ilipaswa kuondoka wiki 14 kabla ya ufunguzi, mzigo uwe kwa wakala wiki 15 kabla, na makasha na vibali vianze kushughulikiwa si chini ya wiki 20 kabla. Hiyo ni miezi mitano.

Wenzetu walicheka. Lakini kontena letu lilikosa meli ya pili katika bandari ya kubadilishia, likangoja siku 12. Zile wiki za akiba ndizo zilizotuokoa. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, walisema wahenga, na aliyekwisha kukaa katika banda tupu haitaji kuelezwa maana yake.

BAHARI AU ANGA?

Wengi hudhani kwamba mzigo mwepesi ni rahisi kupelekwa kwa ndege. Mashirika ya ndege huangalia uzito na ukubwa, yakatoza kwa kile kilicho kikubwa zaidi. Kanuni ya kawaida ni kwamba mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167. Mikeka, makawa na vikapu ni vyepesi lakini vinachukua nafasi. Makasha yetu matano yalikuwa na ujazo wa mita tatu. Mizani ilionyesha kilo 180, lakini kwa ndege tungetozwa kilo 500. Kwa hivyo tulichagua bahari, isipokuwa kofia za vito. Hizo ni ndogo na za thamani, na tuliziacha nyuma kwa makusudi ziletwe kwa ndege wiki tatu kabla ya maonyesho. Faida yake ni kwamba hata kama meli ingezama, banda lisingekuwa tupu. Tunawausia mfanye hivyo kila mara: msitie kila kitu katika chombo kimoja.

Kwa mzigo mdogo hamhitaji kontena zima. Wakala huwachanganya wenye mizigo midogo katika kontena moja. Ni nafuu, lakini fahamuni kwamba mwenzenu mmoja akiwa na kitu chenye kasoro na kontena likazuiliwa, nyote mtazuiliwa. Mwulizeni wakala anachanganya bidhaa za namna gani, na mkataeni yule asiyetaka kujibu.

MAKASHA NA UPAKIAJI

Tangu mwaka 2002 upo utaratibu wa kimataifa uitwao ISPM 15 unaohusu mbao za kufungia mizigo. Mbao nzima hutakiwa zipashwe moto mpaka kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au zitibiwe kwa njia nyingine zilizokubaliwa, kisha zigongwe muhuri wenye picha ya suke la ngano, herufi za nchi, namba ya mtengenezaji na herufi za matibabu, kama HT kwa moto. Muhuri lazima uwe juu ya mbao zenyewe. Karatasi ya fundi kwamba mbao ni safi haitoshi. Paleti, yaani chaga za kuwekea mzigo, nazo zimo katika sharti hilo, na hata vipande vidogo vya kukazia ndani ya kasha. Mahali ambapo mbao zenye muhuri ni shida kupatikana, iko njia nyepesi: plaiwudi haimo katika sharti hili, kwa sababu hutengenezwa kwa gundi, joto na mgandamizo. Mwaka 2024 makasha yetu yote yalikuwa ya plaiwudi, na chaga zake zilikuwa na muhuri.

Adui wa pili ni unyevu. Kontena la chuma likipita katika jua la ikweta na kisha katika baridi ya kaskazini hutoka jasho ndani, na matone huanguka juu ya mizigo. Ukindu ukifungwa ukiwa na unyevu huota koga na hutoka na madoa yasiyofutika. Akina mama walianika kila kitu kivulini penye upepo kwa siku kadhaa, wakafunga kwa karatasi, wakatia vifuko vya kunyonya unyevu, kisha ndipo likaja plastiki la nje. Mikeka ilizungushwa juu ya bomba la karatasi ngumu, haikukunjwa. Makawa yaliingizwa moja ndani ya jingine na kujazwa karatasi. Sanduku la njumu lilifungwa kwa blanketi, kona zake zikapewa vikinga vya sponji, likawekwa ndani ya kasha kubwa zaidi lenye nafasi ya upana wa mkono kila upande, nafasi hiyo ikajazwa. Kitu kinachocheza ndani ya kasha kimekwisha kuvunjika kabla ya kuondoka nyumbani.

Skurubu ni bora kuliko misumari, kwa kuwa kasha litafunguliwa forodhani na litahitajika tena wakati wa kurudi. Kila upande tuliandika kwa herufi kubwa jina la maonyesho, namba ya banda, jina la mwenye dhamana, na namba ya kasha: la 1 kati ya 5, la 2 kati ya 5, na kuendelea. Kabla ya kufunga tulipiga picha ya kila kitu mahali pake. Picha hizo zilitusaidia mara mbili: zilimwonyesha afisa wa forodha kilichomo, na zilituonyesha sisi namna ya kupakia tena wakati wa kurudi.

HATI

Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Hati za msingi ni ankara, orodha ya vilivyomo katika kila kasha, cheti cha uasili wa bidhaa na hati ya shehena. Orodha iwe ya kweli na ya wazi. Msiandike "kazi za mikono" mkanyamaza. Andikeni mikeka mingapi, ya nini, ya ukubwa gani na ya thamani gani. Forodha zina namba kwa kila aina ya bidhaa: mikeka na vikapu vimo katika mlango wa 46, kofia katika mlango wa 65. Wakala mzuri atawasaidia, lakini hawezi kuijua bidhaa kuliko ninyi.

Baadhi ya watu huandika thamani ndogo ili walipe kidogo. Kwanza huo ni uongo, na uongo katika hati hauwi halali kwa kuwa mwenye kudanganywa ni serikali. Pili, ni hasara: mali ikipotea, bima italipa ile thamani mliyoiandika.

Bidhaa za maonyesho zinaweza kuingia kwa muda bila ya kulipiwa ushuru moja kwa moja, kwa sharti kwamba zitatoka tena. Iko hati iitwayo kaneti ya ATA, iliyotokana na mkataba wa Brussels wa mwaka 1961, inayodumu kwa muda usiozidi mwaka mmoja na hutolewa na chama cha wafanyabiashara katika nchi iliyojiunga. Si nchi zote zilizojiunga, kwa hiyo ulizeni mapema. Wenzetu wanaotoka Uingereza kwenda kuonyesha Dubai wataiona ina manufaa, kwani forodha za Falme za Kiarabu zilianza kuipokea mwaka 2011. Mzigo wetu haukuwa na kaneti. Wakala aliomba idhini ya uingizaji wa muda, tukaweka dhamana ya fedha, tukarudishiwa baada ya vitu kutoka.

Hapa panahitaji uangalifu. Kilichoingia kwa muda hakiuzwi mezani. Nasi tulitaka kuuza vikapu vidogo. Tukagawa mzigo katika orodha mbili: vya kuonyeshwa na kurudi, na vya kuuzwa. Hivi vya pili tulivilipia. Bidhaa zenye asili ya Tanzania zikiwa na ushahidi wa uasili haziozwi ushuru wa forodha kuingia Uingereza, lakini kodi ya VAT ya asilimia 20 ipo palepale. Mzigo ambao thamani yake pamoja na nauli ni paundi 3,000 utalipiwa paundi 600. Ni bora kuiweka fedha hiyo katika bajeti kuliko kuikopa bandarini.

VITU VYA KUHADHARI

Viko vitu ambavyo hapana upakiaji utakaoviokoa. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba msiviguse, hata ikiwa ni pambo dogo juu ya sanduku la kale la bibi. Matumbawe huhitaji kibali. Mpingo, mti unaopendwa na wachongaji wetu, umo katika orodha ya mkataba wa CITES tangu mwaka 2017. Vinyago na vitu vilivyokamilika vinaruhusiwa bila ya kibali cha CITES iwapo mpingo wote uliomo katika mzigo hauzidi kilo 10, na ukizidi hapo kibali ni lazima. Milango na masanduku ya kale ya Mji Mkongwe hayatoki bila ya ruhusa ya wahusika wa mambo ya kale, na ni vyema yakabaki nyumbani. Mwonyesheni mgeni kazi mpya ya fundi aliye hai, apate kuagiza. Sabuni za mwani zina masharti yake ya usalama kabla ya kuuzwa huku, na karafuu za Zanzibar zina utaratibu wake wa kutoka kupitia shirika la ZSTC. Msimtie mtu kilo mbili mkobani kwa kuona ni kidogo.

BIMA NA HASARA YA PAMOJA

Bima ya shehena ina ngazi tatu, A, B na C. A ndiyo pana zaidi, na desturi ni kukatia thamani ya mali na nauli pamoja na nyongeza ya asilimia 10. Lakini hata hiyo A, kama tulivyofunzwa mwaka 2019, haifidii kuchelewa, wala upakiaji mbaya, wala kitu kilichoharibika kwa tabia yake chenyewe. Kwa maneno mengine, bima inailinda mali, tarehe tunailinda sisi kwa wiki za akiba. Wale wenye kusita juu ya bima ya kawaida waulize habari za takafuli ya shehena, na wawaulize mashekhe wao.

Iko sababu nyingine ya kutosafirisha bila ya bima, nayo ni hasara ya pamoja. Ni sheria ya kale ya bahari: yakitokea maafa na ikabidi kutumia gharama ili kuokoa meli na shehena, wenye mali wote huchangia, hata yule ambaye mali yake haikuguswa. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400 na kontena zipatazo 18,300, ilikwama katika mfereji wa Suez. Ilinasuliwa tarehe 29 Machi, lakini Misri iliizuia mpaka tarehe 7 Julai kwa sababu ya madai ya fidia. Hasara ya pamoja ilitangazwa, na wenye mizigo walitakiwa watoe dhamana kabla ya kukabidhiwa. Waliokuwa na bima waliliachia shirika la bima. Wasiokuwa nayo walitakiwa watoe wenyewe. Aliyekuwa na bidhaa za maonyesho ya mwezi wa Aprili ndani ya meli ile, alizipata majira ya joto yakielekea ukingoni.

KURUDI

Wengi wetu hupanga safari ya kuja na kusahau ya kurudi. Saa ya mwisho ya maonyesho ni saa ya fujo: kila mtu anavunja banda, magari yanapiga foleni, na makasha matupu yaliyohifadhiwa na wenye ukumbi huchukua saa kadhaa kuletwa. Hapo ndipo vitu hupotea na kuvunjika. Wakala wa kurudi awe amekwisha kupangwa, orodha iwe mkononi, na asiondoke mtu mpaka kasha la mwisho lipate saini. Vitu vilivyoingia kwa muda visipotoka ndani ya muda wake, dhamana itakwenda.

Mwaka 2024 tulifungua makasha asubuhi ya siku ya kujenga mabanda, na hapakuwa na kilichovunjika wala kilichoota koga. Yule bibi yetu, ambaye mkeka wake wa kwanza ulirudi nyumbani bila ya kuonekana, alikuwa ameutoa ule ule kwa mara ya pili, hali alikuwa na kila haki ya kutunyima. Tuliutundika ukuta mzima wa nyuma ya banda. Tulipompigia simu Jumapili jioni hatukungoja atuulize. Tulimwambia, bibi, wameuona, na mmoja wao alisimama mbele yake muda mrefu akiuliza rangi zake zimetokana na nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mnirudishie salama, nina mjukuu wa kumwolesha." Ulirudi, na karatasi ya kupokelewa kwake, yenye alama ya kidole gumba, tunayo katika faili la kamati.

Kwa ajili ya wale watakaoombwa kazi hii, tunafupisha, na mkipenda kateni kipande hiki mkibandike ukutani:

1. Chagueni mtu mmoja huku na mmoja nyumbani.
2. Someni kitabu cha masharti ya ukumbi kabla ya kumtafuta wakala.
3. Hesabuni kutoka siku ya ufunguzi kurudi nyuma, na tieni wiki tatu za akiba.
4. Plaiwudi, au mbao zenye muhuri wa suke la ngano.
5. Kaushieni, jazeni, pigeni picha, tieni namba.
6. Orodha mbili: vya kurudi na vya kuuzwa.
7. Thamani ya kweli, na bima ya ngazi ya A.
8. Gawanyeni mzigo: vichache vije kwa njia nyingine.
9. Pangeni safari ya kurudi kabla ya safari ya kuja.

Mwenye swali na atuone baada ya darasa la watoto Jumamosi, au atuandikie kupitia jarida hili. Faili letu liko wazi kwa kila anayetaka kutazama hati zetu, zile za mwaka tuliokosea na zile za mwaka tuliofaulu.

Wabillahi tawfiq.